Kiti cha Mzazi Hakijafutwa

Wazazi wenzangu wa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na ninyi wa Makobola, Mboko na Baraka: mwaka wa shule ukifunguliwa Septemba, nendeni kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Usimtume kaka yake mtoto, wala usimwachie jirani akuandikie jina. Nenda mwenyewe, ukae kwenye lile dawati linalobana magoti, na usiinuke mpaka kamati ya wazazi, COPA yenu, iwe imechaguliwa kwa mikono iliyoinuliwa mbele ya macho yako.

Jibu lako nalijua, maana nimelisikia sokoni Kalundu, nimelisikia nyuma ya pikipiki, nimelisikia hata mlangoni mwa kanisa. COPA ni kitu gani mbele ya serikali? Gavana ana arete yake, yaani amri ya maandishi, Proved, mkurugenzi wa elimu wa jimbo, ana muhuri wake, padri na mchungaji wana koordinasio zao, ofisi za shule za makanisa, mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa. Mzazi amebaki na nini? Amebaki na kiti kimoja. Ndicho ninachotaka tuzungumzie.

Tuanze na hizo ngazi, kwa sababu wengi tunazichanganya, na anayezichanganya hupigwa danadana. Kifungu cha 204 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kimeweka elimu ya chekechea, ya msingi na ya sekondari mikononi mwa jimbo, mradi lifuate kanuni zinazotungwa na serikali kuu. Ukisoma hapo tu utadhani Gavana wa Kivu Kusini ndiye mwenye shule. Lakini Proved ni mtu wa wizara ya Kinshasa, waziri wa elimu wa jimbo ni mtu wa Gavana, na orodha ya mishahara iko DINACOPE, ile tuliyoizoea kwa jina la SECOPE, nayo pia ni ya Kinshasa. Halafu shule nyingi za huku si za serikali peke yake. Mobutu alizichukua shule za makanisa mwaka 1974, zikamshinda, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia sahihi mkataba wa kuwarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu kazi ya kuziendesha. Waislamu wakaingia baadaye. Ndiyo maana shule ya Jimbo Katoliki la Uvira, au ya makanisa ya Kiprotestanti ya CEPAC na CELPA, ni shule ya umma ambayo mwalimu wake analipwa na hazina ya taifa, lakini kanisa ndilo linalompendekeza mkuu wake.

Sasa choo cha shule kijae. Mzazi anakwenda kwa direkta, direkta anamtuma koordinasio, koordinasio inamtuma kwa Sous-Proved, aliye chini ya Proved, Sous-Proved anasema bajeti iko jimboni, na jimboni wanasema pesa ya uendeshaji inatoka Kinshasa. Watoto wanaendelea kujisitiri nyuma ya migomba ya jirani.

Katikati ya wakubwa hao wote, ipo meza moja ambapo mzazi ameketishwa kwa haki: COGES, kamati ya uongozi ya shule. Mkuu wa shule ndiye anayeiongoza, walimu wana mwakilishi wao, na wajumbe wa COPA wanakaa hapo kwa niaba yetu. Pesa za uendeshaji zinazofika shuleni zinatakiwa kupangiwa kazi kwenye meza hiyo, na hesabu yake kusomwa kwenye meza hiyo. Direkta anapomwita mjumbe wa wazazi asaini matumizi, hamfanyii fadhila. Sheria ya mfumo wa elimu, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inamhesabu mzazi miongoni mwa washirika wa elimu, pamoja na serikali, jimbo na makanisa. Haikusema mshirika wa kupiga makofi.

Kwa nini basi kiti hicho, kwenye shule nyingi, kimekaa kitupu au kimekaliwa na mtu tusiyemjua? Nadhani sababu ni pesa, lakini si kwa namna tuliyozoea kuilalamikia.

Mishahara ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu wakagoma mwaka 1992, na wazazi tukakubali kumbeba mwalimu. Ilikuwa iwe kwa muda. Muda huo ukawa karibu miaka 30. Mama aliyeanika ndakala Kalundu alilipa prime, yaani nyongeza ya mwalimu, baba aliyekesha ziwani akivua mikeke alilipa, na mtoto ambaye hajalipiwa alifukuzwa darasani akarudi na begi lake saa tatu asubuhi. Hilo hakuna mtu wa rika langu anayehitaji kusimuliwa. Tena pesa ile haikubaki shuleni. Ilipanda ngazi: fungu la koordinasio, fungu la ofisi ya Sous-Proved, fungu la jimbo, mpaka ofisi ambazo hazijawahi kumwona mtoto wako zikawa zinaishi kwa minervali yake. Lakini mkutanoni tulijaa, kwa kuwa pale ndipo kiwango cha prime kilipopangwa. Tulikuja kulinda mfuko.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akaanza kutekeleza kile ambacho kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimeahidi tangu 2006: elimu ya msingi bure katika shule za umma. Tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu. Watoto waliokuwa wakiuza karanga barabarani waliingia darasani. Ila jambo moja lilituponyoka bila kelele. Mzazi alipoacha kulipa, aliacha na kuja. Akajiambia kwamba asiyetoa hana neno. Na wapo wakuu wa shule ambao hawakuwa na haraka ya kumsahihisha.

Ndugu yangu, kiti kile hukukinunua kwa prime. Ulikuwa nacho kwa sababu mtoto ni wako, na unacho leo kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya hapo, hiyo pesa inayotoka Kinshasa haikushuka na mvua. Imo ndani yake kodi inayokatwa sokoni, bandarini Kalundu, na pale mpakani Kavimvira unapovuka kutoka Gatumba na mzigo wako.

Hebu pia tuhesabu kura zetu. Meya wa Uvira anateuliwa. Wakuu wa komini wanateuliwa. Mwami anarithi. Gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, wala si na sisi moja kwa moja. Diwani wa komini hatujampigia kura tangu Katiba hii ianze: Desemba 2023, komini za miji mikuu ya majimbo zilipochagua madiwani wao, Uvira haikuwemo. Ukiwaweka kando rais na wabunge, ambao ukishawachagua huwaoni mpaka miaka mitano ipite, chombo cha umma ambacho mkazi wa Nyamianda au Kasenga anaweza kukichagua, kukihoji na kukibadilisha, akienda kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ugali haujapoa, ni COPA. Sijui kwa nini tunaisema kwa dharau.

Nilikaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo, shule siitaji. Uliitwa saa nne, ukaanza saa sita. Direkta akasoma taarifa yake, akatushukuru kwa kuja, kisha akamtambulisha prezidenti wa COPA, bwana mmoja wa makamo aliyevaa koti la kijivu, ambaye alikuwa ameketi mbele tangu asubuhi. Tukaanza kupiga makofi. Mama mmoja nyuma kabisa, ndoo yake ya ndakala bado iko miguuni, akauliza bila kupandisha sauti kwamba bwana huyo alichaguliwa siku gani, maana yeye labda alikuwa sokoni. Direkta akasema ameaminiwa na wakubwa. Mama akajibu kwamba hilo ni jema, basi wakubwa wakae naye, sisi tuchague wa kwetu. Watu wakacheka, na bahati nzuri direkta naye akacheka, kwa hiyo hakuna aliyeaibishwa. Tukapiga kura kwa kuinua mikono, mwalimu mmoja akihesabu kwa chaki ubaoni. Bwana wa koti la kijivu ndiye aliyeshinda! Lakini tangu siku hiyo alijua nani amemweka, na PV, yaani kumbukumbu ya mkutano, ikatoka na majina yetu na sahihi zetu. Mwezi uliofuata alibandika hesabu za COGES kwenye ukuta wa ofisi, kitu ambacho sidhani angekifanya kwa ajili ya wakubwa waliomwamini.

Tulikuwa na tabia ya kusema jimbo liko mbali. Kweli, hadi Bukavu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 100, na kuna ule mteremko wa Ngomo ambapo hata dereva mzoefu huacha kuongea. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia hapa kwetu. Kwa miezi kadhaa tulikuwa na jimbo mlangoni. Sikuona mikutano ya wazazi ikiongezeka kwa ajili hiyo, wala siwalaumu, walikuwa na vita mikononi. Ninachosema ni kwamba ujirani wa Gavana hauwezi kuchukua nafasi ya mtu anayejua kwamba mwaka wa pili B wanakaa chini.

Desemba ya mwaka huo vita vikafika Uvira penyewe. Maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, shule zikafungwa, na katika familia zilizoondoka walikuwemo wajumbe wa kamati zetu. Wengine wamerudi, wengine bado. Hili ni jambo la kushughulikia mapema kuliko mengine yote: mjumbe aliye kambini ng'ambo hawezi kusaini hesabu ya shule ya Mulongwe, na jina lake likibaki kwenye karatasi, mtu mwingine atasaini badala yake. Jazeni nafasi yake kwa heshima, mumwandikie kwamba akirudi atakaribishwa. Shule zinapoanza tena baada ya risasi, kuna maamuzi ambayo hayasubiri barua: watoto waliokimbia kutoka Luvungi au Kamanyola waingizwe darasa gani bila vyeti vyao, nafasi ya mwalimu aliyekimbia ijazwe au angojewe, madawati yaliyochomwa kuni yapatikaneje. Mambo hayo yakikosa kamati, yanaamuliwa na direkta peke yake usiku, tena akiwa na hofu.

Vivyo hivyo maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka njiani ukabeba nyumba na watu, na ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024 likaimeza pwani, tuliona wazi nani anaijua ardhi hii. Anayekumbuka kwamba uwanja wa shule yenu zamani ulikuwa mkondo wa maji ni mzee wa mtaa. Ramani ya jimbo haina habari na mkondo huo. Mwiteni kwenye mkutano kabla jengo jipya halijachimbiwa msingi.

Huu mvutano kati ya jimbo na shule za mtaani haukuanzia kwetu. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka bodi ya usimamizi kwa kila shule, na inayoiteua ni bodi ya elimu ya kaunti. Lakini sheria hiyohiyo inataka wajumbe 6 wachaguliwe kuwakilisha wazazi au wanajamii, na inampa mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa, nafasi 3. Kalamu iko juu, lakini hesabu ya wazazi imeandikwa na haifutiki kwa simu. Kanada mambo yalikwenda kwa ukali zaidi. Jimbo la Nova Scotia lilivunja mwaka 2018 karibu bodi zake zote za shule zilizochaguliwa na wananchi. Manitoba, ambako baadhi ya ndugu zetu kutoka huku wamehamia, serikali ya jimbo ilileta muswada namba 64 ikitaka kufanya vivyo hivyo; wazazi wakasimika mabango mbele ya nyumba zao, wakawaandikia wabunge, na mwaka 2021 muswada ukaondolewa. Hao walipigania kiti ambacho serikali ilitaka kukibeba. Chetu hakuna aliyekibeba, tumekiacha kinapata vumbi, na hilo ndilo linaloniuma.

Mtu asinielewe vibaya, simkatai Gavana. Jimbo lina kazi ambayo mtaa hauwezi: nani mwingine ataangalia kwamba shule ya Bijombo kule juu au ya Lemera haisahauliwi kwa sababu haina mtu mjini? Tena zipo COPA zilizokula pesa, tunazijua, na hizo zinahitaji mkaguzi asiye mjomba wa mtu. Ila kukagua ni kitu kimoja, na kutuchagulia ni kitu kingine.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, wakubwa nao wasikie. Mheshimiwa Gavana, arete ya kila mwaka inayopanga karo za shule itoke kabla watoto hawajavaa sare, na itoke kwa Kiswahili pia. Mama anayesoma Kiswahili vizuri hastahili kumtegemea mtu anayemdai ili aelezwe anadaiwa nini. Mheshimiwa Proved, nanyi Wasous-Proved wetu: kamati iliyochaguliwa na wazazi isivunjwe kwa barua. Kama kuna wizi, kagueni vitabu, iteni mkutano mkuu, someni mlichokiona, muwaachie wazazi wamwondoe mwizi wao. Viongozi wa koordinasio, shule ni ya kanisa lakini darasa ni la mtaa mzima. Kwenye shule ya Kiprotestanti wamo watoto wa Kikatoliki na wa Kiislamu, na baba zao wana mikono ya kuinua kama mashemasi.

Na sisi kwa sisi tuambiane. Zipo kamati zilizogeuzwa mali ya ukoo mmoja au kabila moja. Mji huu una Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi, Washi na Warega, na watoto wao wanakaa dawati moja na kuibiana kalamu bila kuulizana ukoo. Ukiona majina yote ya wagombea yanatoka upande mmoja, inua mkono uulize kabla hujapiga makofi. Ukiona hakuna hata mwanamke mmoja, uliza mara mbili, kwa kuwa mama ndiye anayejua mwalimu yupi hafiki siku ya Jumatatu na mtoto alirudishwa kwa kosa gani. Mikutano nayo iitwe saa ambayo mama anaweza kuja. Asubuhi ya mitumbwi kuingia na samaki, ni nani ataacha kununua akasikilize taarifa?

Ukifika, usianze na hotuba. Uliza mambo mafupi yanayojibika kwa tarakimu. Mwezi uliopita pesa za uendeshaji zilifika kiasi gani, na zimeandikwa kwenye daftari gani? Nani alisaini? Walimu wangapi wamo kwenye orodha ya malipo, na wangapi ni NU, wale wanaofundisha wakingoja mshahara ambao haujaja? Swali hili la mwisho uliulize kwa upole. Mwalimu wa NU ana watoto nyumbani, na hapo kwenye njaa yake ndipo inapozaliwa ile michango ya kificho, ya chaki leo, ya ufagio kesho, ambayo inayarudisha malipo ya zamani kupitia dirishani. Tusimfanye adui. Kamati ichukue jina lake, tarehe aliyoanza kazi na namba ya faili lake, iyapeleke kwa Sous-Proved kwa maandishi, na iulize jibu kila mwezi. Wakubwa wa elimu husahau malalamiko ya mdomo, ila karatasi yenye tarehe inawasumbua.

Na kama Septemba ikapita, Oktoba ikapita, mkutano haujaitwa? Andikeni. Si lazima kwa Kifaransa. Nakili maneno haya, uongeze jina la shule yenu:

Kwa Mkuu wa Shule. Sisi wazazi wa wanafunzi wa shule hii, tulioandika majina na sahihi hapa chini, tunakuomba uite mkutano mkuu wa wazazi ndani ya wiki mbili, ili tuchague kamati yetu, tusikie hesabu ya pesa za uendeshaji, na tuwajue wajumbe wetu katika COGES. Tunaomba tangazo libandikwe kwenye mlango wa shule siku saba kabla, kwa Kiswahili. Nakala kwa Sous-Proved, kwa ofisi ya koordinasio na kwa mkuu wa mtaa.

Sahihi kumi zinatosha kuanzia, na asiyejua kuandika aweke kidole. Pelekeni barua mkiwa watu watatu, pasiwepo mmoja wa kunyooshewa kidole baadaye. Ongeeni na direkta vizuri. Huenda yeye mwenyewe alikuwa akitafuta wa kumsaidia kubeba mzigo. Lakini msitoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke.